Bambo Halioni Sumu: Soko Linaposhindwa Ingawa Hakuna Mwizi

Asubuhi kwenye maghala ya nafaka ya Busia, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, mnunuzi hutembea na bambo mkononi. Ni kile kichuma chenye ncha na mfereji, kinachochomwa ubavuni mwa gunia kikatoa punje chache bila gunia kufunguliwa. Anachoma, anamimina punje kiganjani, anazitazama, anazinusa, kisha anatia moja kinywani na kuing'ata. Ikilia mlio mkavu, vizuri. Ikibonyea, anatikisa kichwa.

"Hajati, haya umeyaanika kweli?"

"Mwanangu, si umeng'ata mwenyewe? Nikuambie nini tena?"

Hajati ana haki ya kujibu hivyo. Lakini kuna kitu ambacho jino halikijui na bambo halikioni, nacho ni sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka iliyowekwa ghalani ikiwa na unyevu. Haina harufu, haina ladha, na haitoki hata posho, yaani ugali, ipikwe hadi iungue. Inashambulia ini. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa.

Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni. Ili uone udogo wake, sekunde bilioni moja ni karibu miaka 32. Zikizidi sekunde 10 ndani ya miaka hiyo 32, lori linarudishwa. Tena sumu yenyewe haienei sawasawa. Punje chache za pembeni mwa gunia zinaweza kubeba karibu yote, na bambo likapita katikati salama salimini.

Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika barua ya kuzuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakapanga foleni, wafanyabiashara wakalia, wanasiasa wakapiga simu. Baada ya siku chache zuio likageuzwa kuwa masharti: waagizaji wajiandikishe, na kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi kiwango. Tangu hapo nimelisikia neno "soko limeshindwa" likitupwa huku na huku, redioni, kwenye teksi, kwa kinyozi. Sukari ikipanda bei, soko limeshindwa. Duka likikosa wateja, soko limeshindwa. Muuza juisi akikamatwa na maji ya rangi, soko limeshindwa.

Wanauchumi hawana maana hizo. Sukari kupanda bei miwa inapoadimika ni soko likifanya kazi yake: linamwambia mlaji apunguze na mkulima aongeze. Duka kukosa wateja huenda ni soko hilohilo likimwambia mwenye duka kwamba jirani yake anauza vizuri zaidi. Soko limeshindwa pale ambapo watu walio huru kununua na kuuza, kila mmoja akipiga hesabu yake kwa akili timamu, wanaishia mahali pabaya kuliko pale ambapo wote wangeweza kufika, na bei haiwaonyeshi njia. Zingatia hapo pa akili timamu. Si lazima awepo mwizi.

Kwanza tulipe soko haki yake. Hakuna afisa yeyote anayeamka alfajiri kupanga matooke, yaani ndizi za kupika, mangapi yaingie Kampala leo. Malori yanatoka Isingiro na Mbarara, magharibi mwa nchi, usiku, kila dereva na deni lake, na asubuhi mji unakula. Kinachowaongoza watu hao wasiojuana ni bei. Bei ni mbeba habari: inamwambia mtu wa Isingiro kwamba mtu wa Nakawa, Kampala, ana njaa, bila wawili hao kuonana maishani. Ila mbeba habari huyu ana kasoro mbili. Ni kipofu, haoni kilichomo ndani ya gunia. Na ni kiziwi, hasikii kelele za mtu ambaye hakuketi kwenye mapatano. Upofu huo wanauchumi wanauita taarifa zisizolingana: upande mmoja wa biashara unajua jambo ambalo upande wa pili haulijui. Uziwi wanauita athari za pembeni: gharama au faida inayomwangukia mtu asiye mnunuzi wala muuzaji.

Tuanze na upofu, maana ndio uliotufikisha Busia.

Chukua hesabu hii. Tarakimu nimezitunga ili zigawanyike kirahisi. Gunia la mahindi mazuri, yaliyoanikwa juu ya turubai na kupepetwa, lina thamani ya shilingi 100,000 kwa mnunuzi. Gunia bovu lina thamani ya 40,000. Kwa macho yanafanana. Mnunuzi anajua kwamba sokoni nusu ni mazuri na nusu ni mabovu, lakini hajui lipi ni lipi. Atatoa kiasi gani? Mtu mwenye akili atatoa ya katikati: 70,000.

Sasa rudi kwa mkulima wa mahindi mazuri. Turubai amenunua, vibarua amewalipa, siku tatu amekimbizana na mvua. Gunia limemgharimu 80,000. Akiambiwa 70,000 anabeba mzigo wake na kurudi nyumbani. Msimu ujao hanunui turubai. Wanaobaki sokoni ni wa mahindi mabovu, waliotumia 30,000 tu, nao kwa 70,000 wanachekelea. Mnunuzi naye si mjinga, anagundua kwamba mazuri hayapo tena, anashusha bei hadi 40,000. Mwisho wa hadithi ni soko la mahindi mabovu matupu, ingawa kuna mtu aliyekuwa tayari kulipa 100,000 na mwingine aliyekuwa tayari kuyatoa kwa 80,000. Pale katikati palikuwa na shilingi 20,000 za faida ya kugawana. Hakuna aliyeziiba. Hazikuzaliwa.

Aliyeliandika jambo hili kwa ufasaha ni Mmarekani George Akerlof, mwaka 1970, akitumia mfano wa magari yaliyotumika. Kwao gari bovu lenye sura nzuri huitwa limau. Makala yake ilikataliwa na majarida kadhaa kabla ya kuchapishwa, baadhi wakisema ni jambo dogo mno la kuandikia. Mwaka 2001 jambo hilo dogo likampa tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Yeyote aliyewahi kuzunguka kwenye bondi za magari hapa Kampala, yaani viwanja vya kuuzia magari yaliyotumika, angemwelewa Akerlof bila kusoma: gari limeoshwa hadi injini inang'aa, mita ya kilomita inasema limetembea kidogo, na wewe unapiga teke tairi kana kwamba tairi litakujibu.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua mbegu za mahindi mjini, kilo 10, pakiti ya kung'aa yenye picha ya hindi nono. Zikaota kama meno ya mtoto wa miaka sita: moja hapa, pengo pale. Niliporudi dukani muuzaji aliniuliza kama nilipanda kabla ya mvua au baada. Ukweli ni kwamba nilipanda kabla kidogo. Basi nani atajua? Labda mbegu, labda mvua, labda panya. Ndipo uzito wa jambo hili ulipo: hata baada ya kununua na kutumia, hujui ulichonunua. Nyanya ikioza unaiona. Mbegu na mbolea hujificha nyuma ya hali ya hewa.

Kuna watafiti walionunua mbegu na mbolea kwenye maduka ya Uganda kama wateja wa kawaida, wakazipima maabara na kuzipanda mashambani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kwa wastani mbolea ilipungukiwa asilimia 30 ya nitrojeni iliyopaswa kuwamo, na mbegu zilizouzwa kwa jina la chotara zilikisiwa kuwa chini ya nusu tu ndizo za kweli. Kisha wakauliza swali la mkulima: mtu akinunua vitu hivi kama vilivyo dukani, atapata faida? Kwa wastani, hapana. Vingekuwa halisi, faida ingekuwa nzuri.

Kumbuka hilo utakaposikia tena, katika semina yenye chai na sambusa, kwamba wakulima wetu ni wabishi na hawataki kilimo cha kisasa. Mkulima anayeacha mbolea dukani akarudi na jembe lake huenda ndiye aliyepiga hesabu sawasawa kuliko wote mle ukumbini.

Jambo hili lina upande wake wa pili, unaonivutia zaidi. Watafiti wengine walipopima mbolea Morogoro, Tanzania, walikuta nitrojeni imo kama ilivyoandikwa. Lakini wakulima wa huko waliamini imechakachuliwa, na waliinunua kwa wasiwasi au hawakuinunua kabisa. Yaani soko linaweza kufa kwa shaka tupu, hata bidhaa ikiwa nzima. Ukishakosa namna ya kutofautisha, uzuri wa bidhaa haukusaidii.

Hapo watu huniambia: "Ongeza maduka. Wakishindana, wabaya watatoka wenyewe." Ni imani nzuri, na kwa nyanya inafanya kazi. Lakini weka maduka mia ya pembejeo ubavu kwa ubavu, yote yakiuza mifuko isiyotofautishika, yatashindana kwa kile kinachoonekana, yaani bei. Anayechanganya atauza rahisi zaidi ya asiyechanganya. Ushindani hapo unawafukuza waaminifu kwanza.

Tofautisha pia kilichofichika kabla ya mapatano na kinachofichika baada yake. Mbegu ni cha kwanza. Cha pili ni kama mkopo wa bodaboda: pesa imetoka, pikipiki imeondoka, na mkopeshaji hajui tena kama kijana anabadilisha oili au anaikamua tu hadi ikatike. Ndiyo maana vyama vya akiba na mikopo hupenda wadhamini wanaokaa mtaa mmoja na mkopaji. Mdhamini anasikia mlio wa injini. Karani wa ofisini hausikii.

Bima inaugua maradhi yote mawili. Mwenye kisukari anajiunga mbio, kijana mwenye afya anasema ngoja kwanza. Mfuko ukibaki na wagonjwa peke yao, michango inapanda. Ikipanda, hata wenye afya waliokuwamo wanajitoa. Hospitali ya Kisiizi, kusini magharibi mwa Uganda, ilianzisha bima ya jamii mwaka 1996 na ikapata mlango mzuri wa kuingilia: engozi. Engozi ni machela, na ni vikundi vya kijiji vilivyokuwa vikibebana kwenye vilima hivyo mtu akiugua, kila nyumba ikitoa mabega. Watu waliandikishwa kupitia vikundi hivyo, si mmoja mmoja. Kikundi hakikuundwa kwa ajili ya bima, kwa hiyo ndani yake wamo wazee na vijana, wazima na wagonjwa, na wote wanajuana. Ukitafuta akili ya uchumi iliyokomaa bila kupita chuo, ni hiyo.

Soko lenyewe pia hujitibu kiasi. Kasitoma wa kudumu ni dawa: mama anayekuuzia maharage kila wiki hawezi kukuwekea mawe leo akakuona tena wiki ijayo. Jina ni dawa, na dhamana ni dawa. Lakini zote zinahitaji mtu akae mahali pamoja na akumbukwe. Penye wanunuzi wa kupita njia, au maradhi yanayojitokeza miaka kumi baadaye kwenye ini, sifa ya muuzaji haifiki kwa wakati. Hapo ndipo panahitajika mtu wa tatu mwenye kipimo, kama shirika la viwango la taifa na alama yake kwenye mfuko, au zile lebo za kukwaruza na kutuma namba kwa simu. Kisha inabidi kulinda alama yenyewe, maana anayeweza kughushi mbegu hashindwi kughushi stika.

Sasa uziwi. Na hapa nakuomba utoke Busia uje Kampala, kwenye mfereji wa Nakivubo.

Mfereji huu unakusanya maji machafu ya katikati ya jiji, unapita karibu na soko la Owino na eneo la viwanda, unaingia kwenye kinamasi, kisha unamwagikia ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Katika ghuba hiyohiyo, pale Gaba, ndiko shirika la maji la taifa linakovuta maji ya kunywa. Katikati ya uchafu na bomba palikuwa na mafunjo. Mafunjo yale yalikuwa yakichuja maji usiku na mchana, bila mshahara. Mwaka 1999 wanauchumi walikisia thamani ya kazi hiyo: kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kila mwaka.

Bei yake sokoni ilikuwa ngapi? Sifuri. Kinamasi hakitoi ankara. Kwa hiyo mama anayehitaji karo akafyeka kipande na kupanda mayuni, yaani magimbi. Mjenzi akamwaga kifusi akapata kiwanja cha bei nafuu. Kiwanda kikapitisha maji yake mferejini kwa kuwa ndiyo njia fupi. Nenda uwaulize mmoja mmoja: mama alikosea wapi? Mayuni ameuza, mtoto amesoma. Katika mapatano yake na mnunuzi wa mayuni, mtu wa mtaa wa Ntinda anayefungua bomba hakuwapo, na bei ya mayuni haikusikia sauti yake. Gharama ilimfikia hata hivyo, kwa mzunguko: maji yakichafuka, dawa ya kuyasafisha inaongezeka, na moja ya sababu za kujenga mtambo mpya mbali, Katosi wilayani Mukono, ni hali ya ghuba ile. Gharama isiyolipwa pale inapozaliwa haipotei. Inahamia kwenye ankara ya mtu mwingine.

Kabla hujaanza kuziona athari za pembeni kila mahali, ngoja kidogo. Mtu akifungua kibanda cha roleksi, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, karibu na changu, chapati zake laini kuliko zangu, nikakosa wateja, nimeumia kweli. Lakini hiyo si athari ya pembeni inayolishinda soko. Hasara yangu imepita ndani ya bei, na nilichopoteza mimi wamekipata yeye na walaji wake. Moshi wa mkaa wake ukiingia chumbani kwa mtoto wa jirani mwenye pumu, hapo sasa tunazungumza. Hakuna aliyemlipa yule mtoto, na hakuna aliyemuuliza.

Mwingereza Arthur Pigou, katika kitabu cha mwaka 1920, alipendekeza dawa iliyo wazi: mtoze mchafuzi kodi iliyo sawa na madhara anayowapa wengine, ili bei ianze kusikia. Uganda tunayo tozo ya mazingira kwa magari yaliyotumika, na tangu sheria ya 2018 gari lililopita miaka 15 tangu kutengenezwa haliruhusiwi kuingizwa. Wazo ni la Pigou, ila limekatwa kwa panga badala ya mkasi. Umri si moshi. Gari la miaka 14 linaloendeshwa Jumapili kwenda kanisani na kurudi linatozwa sawa na mwenzake linaloshinda barabarani kutwa likitapika moshi mweusi. Kwa nini tunatoza umri? Kwa sababu umri umeandikwa kwenye karatasi na moshi haujaandikwa popote. Upofu umeingia ndani ya dawa ya uziwi.

Mwingine ni Ronald Coase, aliyeandika mwaka 1960 kwamba haki za kila mtu zikiwa wazi, na kupatana kukiwa rahisi, majirani watamaliza wenyewe bila kodi. Watu humcheka, mimi simcheki. Mtaani kwetu kuna mashine ya kusaga posho iliyokuwa ikinguruma hadi saa tano usiku. Tulikaa chini, nyumba sita na mwenye mashine. Yeye alisema akifunga mapema atapoteza wateja wa jioni. Sisi tulisema watoto hawalali. Tukachanga pesa za mipira ya kuwekwa chini ya mashine, naye akakubali kuzima saa tatu. Hakuna aliyeita polisi wala mwenyekiti wa LC, yaani wa serikali ya mtaa. Lakini tulikuwa watu saba kwenye mabenchi mawili. Wanaochafua Nakivubo ni maelfu, wanaokunywa maji ni mamilioni, na benchi la kuwatosha halijachongwa.

Dhana nyingine inayopotosha ni kwamba lengo ni kufuta uchafuzi wote. Ukitaka moshi sifuri, zima Kampala. Lengo ni kwamba anayesababisha gharama aione anapoamua. Mengine ataamua kuyaacha, mengine ataendelea nayo na kulipa.

Na athari za pembeni si ubaya peke yake. Mtu akilala ndani ya chandarua chenye dawa, mbu wanaotua juu yake hufa, na jirani asiye na chandarua anapona malaria ambayo ingemfikia. Lakini anaponunua chandarua anajihesabia faida yake tu, hivyo wakiachiwa wenyewe watu hununua vichache kuliko vinavyofaa mji mzima. Ndiyo sababu, tangu kampeni kubwa ya 2013 na 2014, serikali na wafadhili wamekuwa wakigawa vyandarua bure. Wanaosema "cha bure hakithaminiwi" wanasahau kwamba sehemu ya thamani iko kwenye damu ya jirani.

Sasa, serikali ikiingia, mambo yananyooka? Mwulize kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Mwaka 2009 sheria ya fedha ilipiga marufuku mifuko ya plastiki iliyo chini ya mikroni 30. Rwanda walikuwa wameshaanza 2008. Kenya wakafuata 2017, Tanzania 2019. Ukienda Kikuubo, mtaa wa maduka wa Kampala, leo utafungiwa bidhaa zako ndani ya kaveera bila mtu kukonyeza. Sababu ni nyingi, viwanda vina watu wao na ajira zina watetezi wao, lakini iangalie ile mikroni 30 yenyewe. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Askari aliyesimama kwenye kichochoro, jua kali, atajuaje kama kaveera aliloshika ni mikroni 28 au 32? Anaweza kulivuta, kulipuliza, kulinusa. Ni jino la Busia tena. Sheria isiyoweza kupimwa na anayeisimamia haipimwi, inajadiliwa, na mjadala huo una bei yake. Mvua ikinyesha, mitaro ya Bwaise, mtaa wa bondeni hapa Kampala, inaziba na maji yanaingia kwa watu ambao hawakuwa na neno lolote kwenye mjadala.

Kasoro hizi mbili hushikana mikono kuliko vitabu vinavyoonyesha. Tazama vanila ya Mukono na Kasese. Tunda la vanila likichumwa bichi linakosa harufu, lakini ukilisubiri likomae wezi wataliwahi usiku. Jirani akianza kuchuma mapema, nawe unachuma, na wa tatu pia. Mnunuzi wa nje hawezi kutofautisha mfuko mmoja wa Uganda na mwingine wa Uganda, kwa hiyo anashusha bei ya yote. Uchumaji wa mmoja umemwangukia mwingine kupitia sifa ya nchi: athari ya pembeni iliyozaliwa na taarifa. Ndiyo maana wizara ya kilimo huweka tarehe ya kuanza kuvuna. Anayeonekana barabarani na vanila kabla ya tarehe hiyo ana la kueleza, na hilo hata askari asiye na kipimo anaweza kulisimamia, mradi ana kalenda.

Mahindi ni vivyo hivyo. Barua ya 2021 haikumtaja Hajati wala ghala lake. Ilisema Uganda. Aliyeanika kwenye turubai na aliyemwaga mahindi barabarani walikwama foleni moja, kwa sababu ya sumu ambayo hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuionyesha au kuikanusha papo hapo. Cheti kimekuja kuwatenganisha, na ninakiunga mkono. Lakini cheti kina gharama, na gharama hiyo kwa mwenye lori ni jambo dogo, kwa mwenye magunia machache ni karibu faida yake nzima. Kwa hiyo bado kuna baiskeli zinazovuka kwa njia za panya zikiwa na magunia mawili mawili, na upande wa pili yanamiminwa kwenye lundo moja na mengine.

Nilikuwapo mnunuzi alipomweleza Hajati kwamba mteja wake anataka karatasi.

"Hiyo karatasi inalipiwa kwa gunia au kwa mzigo mzima?"

"Kwa mzigo, Hajati."

Akayahesabu magunia yake kwa kidole, kumi na moja. Akatazama ghala la tatu, ambako mama mwingine alikuwa na ishirini na ushee.

"Basi tutapima pamoja, tuchange." Alinyamaza kidogo, akajifunga kanga vizuri kiunoni. "Ila ngoja kwanza nikayaone ya kwake. Niazime hilo bambo."